Kabla Hujapanda Mlima, Fungua Shanta Lako

Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya wanakisomo na vijana wa kijiji chetu, upande wa Marangu. Tumeyaandika hapa ili na wengine wayasome.



Sisi tunaosimama mbele yenu ni watu watatu. Sote tumekuwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na baadaye waongoza wageni. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kwa sababu tumesikia kuwa vijana saba wa kijiji hiki wanataka kupanda mlima kwa mara ya kwanza, kiangazi hiki kinachokuja. Jambo hilo ni jema. Kazi ni kazi. Lakini tulipowauliza, "Mmejiandaaje?" mmoja wao alitujibu, "Tuna nguvu, wazee wetu." Basi jibu hilo ndilo lililotuleta hapa leo.

Nguvu ni kitu kizuri. Lakini baridi haimwogopi mwenye nguvu. Tumewaona vijana wenye vifua vipana wakiteremshwa kwa machela, na tumemwona mzee mwembamba akienda na kurudi miaka thelathini bila kuumia. Tofauti yao haikuwa katika misuli. Ilikuwa ndani ya shanta.

MLIMA UNAOUONA KWA MBALI

Sisi watu wa hapa tumezaliwa tunauona mlima. Asubuhi ukifungua mlango, uko pale. Kwa hiyo tunadhani tunaujua. Kumbe tunaujua kwa macho tu. Mguu haujui.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa darasani. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko kwenye mita 1,900 hivi. Kambi ya kwanza, Mandara, iko kwenye mita 2,700 hivi. Ya pili, Horombo, mita 3,700 hivi. Ya tatu, Kibo, ni zaidi ya mita 4,700. Sasa, kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Kutoka langoni mpaka Kibo umepanda mita 2,800. Maana yake joto limepungua kama digrii 17. Kama langoni kulikuwa na digrii 20, basi Kibo utakuta digrii 3 tu, tena hiyo ni mchana. Usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Kule kileleni kabla ya jua kuchomoza, baridi huweza kufika digrii 15 au hata 20 chini ya sifuri.

Wengi wetu tunakumbuka habari ya Luteni Alexander Nyirenda, aliyesimamisha bendera na mwenge kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, nchi ilipopata uhuru. Tunapenda kuisimulia. Lakini mtu hakupanda kule na kaptula ya mchezo wa mpira. Alijiandaa.

YALIYOMPATA MMOJA WETU

Sasa tuwasimulie jambo ambalo kwa miaka mingi tulilionea aibu.

Mmoja wetu alipanda mara ya kwanza akiwa na suruali ya jinzi, fulana ya pamba, sweta la pamba na raba. Koti la mvua hakuwa nalo. Yule bwana aliyekuwa akikusanya wapagazi alimwambia, "Utapewa huko mbele." Hakupewa. Mvua iliwakuta msituni, ile mvua ya msitu isiyo na haraka. Akafika Mandara amelowa chepechepe. Usiku akalala na nguo zilezile, akidhani zitakaukia mwilini. Hazikukauka. Kesho yake akatembea mpaka Horombo, huku upepo ukimpiga.

Jioni ile alitetemeka mpaka meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka. Wenzake wakafurahi, wakasema amepata joto. Kumbe ndipo alipokuwa anaondoka. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Akashindwa kufungua kamba za viatu vyake. Akataka kujilaza pale nje, chini. Wengine wakacheka, wakasema eti amekunywa. Mpishi mmoja mzee ndiye aliyetambua. Akasema, "Huyu hajalewa. Huyu anakufa kwa baridi."

Wakamwingiza ndani, wakamvua nguo zote zilizolowa, wakamkausha, wakamvika nguo kavu. Wakamlaza kwenye mablanketi pamoja na mwenzake, ili joto la mtu limpate mtu. Alipoweza kumeza vizuri wakampa chai ya moto yenye sukari nyingi. Asubuhi wakamteremsha taratibu. Mtu huyo ndiye huyu aliyesimama hapa kushoto. Hatuwasimulii habari ya kusikia.

Jamani, kumbukeni hili: mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Mtu aliyeacha kutetemeka, na ulimi wake umekuwa mzito, yuko karibu na kifo. Msimcheke. Msimpe pombe. Msimwache alale peke yake.

NGUO TATU, SI SWETA MOJA ZITO

Watu wengi hudhani dawa ya baridi ni koti moja kubwa. Sivyo. Dawa ni nguo tatu zinazovaliwa moja juu ya nyingine, kama maganda ya kitunguu.

Ya kwanza ni ile inayogusa ngozi. Iwe nyepesi na iwe ya aina inayokauka upesi, maana mtu aliyebeba mzigo hutoka jasho hata penye baridi. Ya pili ni ya kushika joto: sweta la sufu, au jaketi lile laini lenye vinyweleo. Ya tatu ni ya kuzuia mvua na upepo: koti la mvua na suruali yake. Unapopanda na kupata joto, vua moja kabla hujalowa jasho. Unaposimama, vaa upesi kabla hujapoa. Mtu mwenye koti moja zito hana la kuvua wala la kuongeza.

Na pamba je? Pamba ni nzuri shambani na nyumbani. Lakini pamba hunywa maji na kuyashika, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili. Jinzi iliyolowa ni nzito, na haikauki kule juu.

Ninyi mliohitimu kisomo mna silaha ambayo sisi hatukuwa nayo siku zile. Mnajua kusoma. Ndani ya nguo ya mtumba, shingoni au ubavuni, kuna kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kiingereza. Msiyaogope. Maneno ya kukumbuka ni matatu tu. Ukisoma "cotton", hiyo ni pamba, iache kwa safari ya mlima. Ukisoma "wool", hiyo ni sufu, ichukue. Ukisoma "polyester", hizo ni nyuzi za kiwandani zinazokauka upesi, ichukue pia. Yaandikeni kwenye madaftari yenu. Mkienda pale soko la Memorial mjini Moshi, geuzeni nguo ndani nje na msome kabla ya kuuliza bei.

Ongezeni mzula wa kufunika masikio, glavu, na soksi nene za sufu jozi mbili au tatu. Jozi moja ya soksi na fulana moja viwe vya kulalia tu. Hivyo visiguswe mchana hata mvua ikinyesha namna gani. Na miwani ya jua si mapambo. Jua likipiga juu ya theluji huunguza macho. Jioni mtu huona kama amemwagiwa mchanga machoni, na kesho yake hawezi kuona njia.

VIATU

Kama una fedha kidogo, anza na viatu. Raba ya mjini huteleza kwenye tope na hupitisha maji. Tafuta buti linalofunga kifundo cha mguu, lenye soli ya meno.

Lijaribu hivi. Vaa soksi zako nene kwanza. Ingiza mguu bila kufunga kamba, usukume mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono. Likikubana leo dukani, mlimani litakutesa, maana miguu huvimba. Na wakati wa kushuka vidole hugonga mbele, kucha zikawa nyeusi na kung'oka. Kateni kucha kabla ya safari.

Buti la mtumba laweza kupendeza juu huku soli yake imezeeka. Bonyeza soli kwa kucha. Ikimeguka kama mkate mkavu, liache, hata muuzaji akikuapia. Ukishapata buti zuri usilivae mara ya kwanza siku ya safari. Livae kwenda shambani wiki mbili au tatu, lizoee mguu wako na mguu ulizoee.

SHANTA NA MZIGO

Shanta lako liwe na ukanda mpana wa kiunoni. Ukanda huo ukaze juu ya mifupa ya nyonga, ili uzito ushukie kwenye nyonga na miguu. Mabega kazi yake ni kushikilia tu. Shanta lisilo na ukanda huvuta mabega na kuumiza shingo.

Kupanga nako kuna utaratibu. Mfuko wa kulalia uwe chini kabisa, maana hautauhitaji mpaka jioni. Vitu vizito viwe katikati, vimegusana na mgongo. Ukiviweka mbali na mgongo, shanta litakuvuta nyuma kama mtoto anayekataa kwenda shule. Koti la mvua liwe juu kabisa. Mvua haitakungoja ufungue vitu vyote.

Usiamini kwamba shanta halipitishi maji. Tia nguo zako kavu ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, uukunje mdomo mara tatu, kisha uufunge. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni, 2019, kwa hiyo msiende nayo. Nunueni mfuko wa turubai laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Unadumu miaka.

Sasa tuje kwenye uzito. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Vijana, someni mizani wenyewe. Usisomewe na mtu. Mkionyeshwa kilo 20 langoni kisha mkaongezewa kifurushi baada ya kona ya kwanza, semeni. Semeni kwa adabu, lakini semeni, tena mseme wote pamoja. Goti likiharibika ukiwa na miaka ishirini, utalilipia mpaka uzee.

KULALA

Baridi ya usiku haitoki juu tu. Ardhi nayo hunyonya joto. Mtu aliyejifunika mablanketi matatu akalala juu ya ardhi tupu ataamka amekakamaa. Blanketi mbili na kigodoro cha sponji ni bora kuliko blanketi nne bila kigodoro. Mfuko wa kulalia ukiwa mzuri unashinda blanketi zote, nao ni mwepesi. Uanikeni kila mnaporudi. Ukikaa na unyevu unaoza, na ukikaa umebanwa mwaka mzima unapoteza joto.

Neno moja zito kuhusu jiko. Msiingize jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa, liwe la mkaa, la gesi au la mafuta ya taa. Jiko hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wakiota joto, wasiamke tena. Pikeni nje, au penye hewa inayopita. Kukata kuni ndani ya hifadhi ni marufuku pia.

MAJI NA CHAKULA

Kunyweni maji lita 3 mpaka 4 kwa siku, hata kama hamsikii kiu. Maji ya mito msiyanywe hivi hivi. Yachemsheni, na yakishatokota yaacheni yaendelee kwa dakika tatu.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kadiri unavyopanda, huchemka mapema zaidi. Kule Kibo huchemka kwa digrii 85 hivi. Ndiyo maana ukipeleka maharage makavu kule, utayachemsha mchana kutwa na bado yatakuwa magumu. Chukueni chakula kinachoiva upesi, na sukari ya chai ya kutosha. Mtu akila vizuri, mwili unapata kuni za kuwasha joto.

HEWA

Kule kileleni hewa ina nguvu kama nusu tu ya hewa ya pwani. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hauji. Hili halichagui. Humpata mgeni, humpata na mtoto wa Marangu. Vijana wengi huficha, wakiogopa kurudishwa bila ujira. Msifiche. Ukiumwa kichwa usipande zaidi siku hiyo. Mwambie mwongoza wageni.

Ukimwona mwenzako anayumba, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, au akiongea kama aliyechanganyikiwa, au akihema sana ilhali amekaa, au akikohoa mapovu, dawa ya kwanza ni kushuka. Ashuke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, tena asishuke peke yake. Msiseme "tungoje asubuhi." Wengine hawakuiona hiyo asubuhi.

ANZENI HAPA NYUMBANI

Kabla ya siku ya safari fanyeni jaribio. Pakieni mashanta kilo 10. Tembeeni kutwa nzima juu na chini ya vilima vyetu, kisha mlale nje ya nyumba usiku mmoja mkitumia vifaa vyenu. Mwambie mdogo wako akumwagie ndoo ya maji ukiwa umevaa koti la mvua. Kama linavuja, heri ulijue hapa, hatua kumi kutoka jikoni kwa mama.

ASIYE NA FEDHA AFANYEJE?

Tulipokuwa tunaingia, mama mmoja alituuliza, "Wanangu, haya yote ni ya kununua. Na kijana asiye na fedha je?"

Mama, swali lako ni la haki. Hakuna kijana anayeweza kununua vyote mara moja. Sisi tunashauri afuate mpango huu: kwanza buti na soksi, pili koti la mvua, tatu sweta la sufu na mzula, nne kigodoro na mfuko wa kulalia. Mjini Moshi vifaa vya mlima huazimishwa kwa malipo pia.

Lakini tumekuja na shauri jingine. Tuwe na sanduku la vifaa la kijiji. Sisi watatu tumeanza. Ndani tumeweka makoti mawili ya mvua, mifuko miwili ya kulalia na vigodoro viwili. Kijana anayepanda aazime, akirudi afue, aanike na kurudisha. Akishapata ujira wake atie kitu kidogo cha kununulia kifaa kingine. Daftari la kuazima tunaomba litunzwe na mwanakisomo, aandike jina, kifaa, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Kisomo tulichokipata kitufae hapo.

Na tunaomba tukubaliane jambo moja. Kijana asiye na koti la mvua na viatu vya kufaa asipande, hata kama ameshaitwa. Safari nyingine ipo. Msimu mwingine upo. Mtoto mwingine kama yeye hayupo.

Ndugu Mwenyekiti, tumesema mengi. Tuliwaomba vijana saba waje na mashanta yao, na tunayaona pale ukutani. Sasa tunawaomba wayalete hapa katikati, tuyafungue mbele ya wazazi. Asiyekuwa na kitu asione haya. Haya tuliyaona sisi, nayo karibu ituue. Haya, wanetu, leteni. Tuanze na koti la mvua.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini nguo ya pamba ni hatari mlimani inapolowa?

2. Mwenzako ameacha kutetemeka na anaongea kama mlevi. Utafanya nini kwanza, na nini baadaye?

3. Kambi moja iko mita 3,000 juu ya kijiji. Kijijini kuna digrii 22. Kambini kutakuwa na digrii ngapi hivi?

4. Je, kijiji chako kinaweza kuanzisha sanduku la vifaa? Nani atatunza daftari?